UZI: Malisho na misitu ya vijiji Dodoma, Singida na Kiteto – mambo ya kukamilisha kabla kijiji hakijasaini ubia wa uhifadhi

#1 Mchora_Ramani

Mbukwenyi wakuu.

Kila mwaka swali hili linarudi. Kijiji kina mbuga ya malisho au msitu ambao wazee wameulinda miaka na miaka, halafu anakuja mtu wa serikali au mdau wa hewa ukaa (biashara ya kulipwa kwa kutofyeka msitu) na rasimu ya makubaliano. Watu wanaanza kuulizana: tusaini au tusisaini? Msimamo wangu ni kwamba ubia ni karatasi ya mwisho. Kijiji kikisaini kabla mkutano mkuu haujaamua, kabla ramani haijachorwa na eneo halijaingia kwenye rejista, kinakaa mezani kama mgeni kwenye ardhi yake chenyewe.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayokaliwa na mtu, familia au kikundi, na ardhi iliyo wazi ambayo inaweza kugawiwa baadaye. Malisho, mapito ya mifugo, maji ya kunyweshea na misitu ya matambiko ni vya fungu la kwanza. Vijiji vingi vinadhani kwa sababu kila mtu anajua "pale ni malisho", basi inatosha. Haitoshi. Eneo ambalo halijatangazwa na mkutano mkuu na kuandikwa kwenye rejista ya ardhi ya pamoja linasomeka kama pori lisilo na mwenyewe, na mwombaji wa shamba la alizeti akija linaangukia fungu la tatu. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, lakini mkutano mkuu hauwezi kutetea kitu ambacho haukuwahi kukiandika.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Kwanza mpaka wa kijiji upimwe, majirani wote wasaini, kijiji kipate Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Ndipo mpango wa matumizi ya ardhi, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita: maandalizi ya wilaya, tathmini shirikishi ya kijiji, kuchora matumizi yaliyopo, kupanga matumizi yajayo, kuimarisha usalama wa milki, yaani hati na masjala, na mwisho usimamizi wenyewe.

Fedha nyingi huisha hatua ya nne. Ramani ya rangi inabandikwa ukutani ofisi ya kijiji, watu wanapiga picha, wataalamu wanaondoka. Hatua ya tano na ya sita ndizo zinazoifanya ramani iwe na meno. Kijiji kikiambiwa bajeti ni ndogo, ni bora kipunguze siku za warsha kuliko kukatia kazi hatua ya nne.

Jambo jingine la kulijua kwa namba: Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi) au ya hifadhi. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anaamua. Aina, kiasi na muda wa fidia lazima vikubaliwe kabla ya kuhamisha. Kwa hiyo muhtasari wa mkutano wenye hoja zilizoandikwa vizuri ndiyo silaha ya kijiji kwa eneo kubwa. "Wananchi walikataa" ni maneno mawili tu. Andikeni idadi ya kaya zinazolitumia, miezi wanayolitumia, idadi ya mifugo, visima vilivyomo.

#2 MwanaChemba

Asante mkuu kwa somo. Swali: kijiji kikishagawanywa kikazaa viwili, na mbuga ya malisho ikakatwa katikati na mpaka mpya, cheti kipi kinafanya kazi?

#3 Mchora_Ramani

Hapo kuna mtego mkubwa, kaka. Cheti na ramani ya zamani vinakitaja kijiji mama. Kijiji kipya kinahitaji upimaji wake na cheti chake, na mpango wa zamani hauhami wenyewe. Wakati huo wa katikati ndipo uvamizi unapoingia, kwa sababu kila upande unasema "eneo hilo liko kwa wenzetu".

Dawa ipo kwenye kifungu cha 11 cha sheria hiyo hiyo: vijiji viwili au zaidi vinaruhusiwa kuingia makubaliano ya matumizi ya pamoja ya ardhi. Mfano wa karibu ni OLENGAPA, Kiteto. Jina limeundwa kwa silabi za vijiji vya mwanzo: Orkitikiti, Lerug na Ngapapa. Kila kijiji kilipanga matumizi yake, kikatenga sehemu yake ya malisho inayopakana na ya mwenzake, vikasaini makubaliano ya pamoja, kukaundwa chama cha wafugaji na hati za kimila (hati za kumiliki ardhi ya kijiji kwa mila) zikatolewa kwa chama hicho. Mpaka wa kiutawala ulibaki palepale, lakini ng'ombe hawakuzuiwa kuuvuka.

Kinachosahaulika kwenye makubaliano ya namna hii ni mapito. Watu wanachora mbuga nzuri halafu njia ya kuifikia inapita katikati ya mashamba ya mtama. Pito lipewe upana kwa mita, alama pande zote mbili, na kifungu chake ndani ya sheria ndogo. Pito lisilo na upana ulioandikwa linaliwa jembe kwa jembe hadi linakuwa njia ya baiskeli.

#4 Masjala

Naomba kuongezea upande wa makaratasi, maana kesi nyingi za ardhi ya pamoja zinafia hapo.

Muhtasari wa mkutano mkuu uwe na tarehe, ajenda iliyotangazwa mapema, orodha ya mahudhurio yenye saini au dole gumba, wanawake na wanaume wahesabiwe kando, na uamuzi uandikwe kwa sentensi kamili pamoja na viwianishi (namba za GPS) vya pembe za eneo. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti na mtendaji peke yao, bila orodha, ukipingwa hausimami.

Sheria ndogo ndizo zinazoachwa njiani zaidi. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unatoa maoni, inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha baraza la madiwani linaidhinisha. Bila idhini ya wilaya hizo ni makubaliano ya kiungwana tu. Mlinzi akimtoza mtu faini kwa sheria ndogo isiyoidhinishwa, mtozwaji akienda mahakamani anashinda, na baada ya hapo hakuna atakayeogopa tena. Fungueni faili na mfuatilie: rasimu ilipelekwa lini, nani aliipokea, iko ajenda ya kikao kipi.

Kuhusu hati ya hakimiliki ya kimila ya kikundi: kifungu cha 22 kinaruhusu kikundi kuomba. Nakala ni tatu, moja ya mmiliki, moja masjala ya kijiji, moja ya wilaya. Masjala ni chumba kinachofungwa, kabati la chuma, na rejista isiyotoka nje. Isiwe nyumbani kwa mtendaji. Mtendaji akihamishwa, rejista inaonekana baada ya mwaka, ikiwa imelowa.

Uhakiki wa mipaka unafanywa na kamati ya wajumbe 9, wanawake wasipungue 4. Baraza la Ardhi la Kijiji la usuluhishi lina wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Msijaze nafasi hizo kwa majina ya watu wasiohudhuria. Kwa Wagogo na kwa Wabarabaig, wanawake ndio wanaojua chemchemi ipi inakauka mwezi gani na kuni zinaokotwa wapi, na ramani iliyochorwa bila wao ina matundu.

#5 Nyasi_Kwanza

Wakuu, mpango wa malisho bila hesabu ya nyasi ni picha tu. Hesabu si ngumu, kijiji kinaweza kuifanya chenyewe.

Mwishoni mwa masika, Aprili au Mei, tengenezeni fremu ya mbao ya mita 1 kwa 1. Itupeni sehemu 20 tofauti ndani ya mbuga, msichague penye nyasi nzuri. Kateni nyasi zote ndani ya fremu, zikausheni, zipimeni. Gramu kwa mita ya mraba zidisha kwa 10 ndiyo kilo kwa hekta. Wastani ukiwa gramu 150, mna kilo 1,500 kwa hekta. Nusu yake iachwe kwa ajili ya mizizi, mchwa na udongo. Mnabaki na 750 za kulisha.

Uniti moja ya mifugo ni mnyama wa kilo 250, na anakula kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25 za nyasi kavu. Kwa mwaka ni karibu kilo 2,280. Mbuga ya hekta 3,000 ina kilo 2,250,000 za kulisha, basi inabeba uniti 986 mwaka mzima. Ng'ombe wetu mmoja huhesabiwa 0.7 ya uniti, mbuzi au kondoo 0.1. Hiyo ni kama ng'ombe 1,400.

Sasa angalieni hili. Mbuga hiyo hiyo ikifungwa masika yote na kufunguliwa Julai hadi Novemba tu, siku 150, kila uniti inahitaji kilo 937.5. Mnabeba uniti 2,400. Hapo ndipo ngitili ya Wasukuma na alalili ya Wamasai, yaani malisho yanayofungwa masika na kutunziwa kiangazi, zina akili kuliko mpango wa mtaalamu anayeacha mbuga wazi mwaka mzima. Nyasi zinapewa nafasi ya kutoa mbegu kabla ya mdomo wa kwanza. Kwa Dodoma yenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi, msimu huo ukipotea hakuna mwingine.

Kinachoharibu ni kufungua mapema. Ng'ombe wakiingia wiki ya kwanza ya mvua, nyasi zinang'olewa na mizizi, na mwaka wa tatu mnaona magugu na ardhi nyekundu. Tarehe ya kufungua iandikwe kwenye sheria ndogo, na ufunguo wake uwe kwa kamati na wazee kwa pamoja. Mwenyekiti asiwe nao peke yake.

#6 Kondoa_Irangi

Kwa anayedhani serikali ikifunga eneo peke yake inatosha, HADO ni darasa letu. Hifadhi Ardhi Dodoma ilianza 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256, na Mvumi ikafuata 1986. Majani yalirudi na makorongo yakaanza kutulia, hilo halibishaniwi. Lakini mifugo haikufa, ilisukumwa kwa jirani, na mzigo wa malisho ukahamia huko. Katazo lilikuwa la mradi na walinzi walikuwa wa mradi. Mradi ulipokwisha miaka ya 1990, mifugo ilirudi taratibu kwa sababu hakuna mkutano wa kijiji uliokuwa umeketi kusema ng'ombe wangapi, wapi, mwezi gani. Ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani waliletwa pia na walisaidia baadhi ya kaya, ila si kila kaya ina maji na nguvu kazi ya kukata majani.

#7 Mlinzi_wa_Miombo

Nakubaliana na ndugu yangu hapo juu, na upande wa pili wa sarafu ni Duru-Haitemba, Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa inajiandaa kuutangaza msitu ule, karibu hekta 9,000, kuwa hifadhi yake. Watu walipoona mpaka unakatwa wakaanza kuvuna kwa kasi, kwa hesabu kwamba msitu unaondoka. Ulipoachiwa vijiji, kila kijiji kikaweka walinzi wake na kanuni zake, uvunaji holela ukapungua. Mgori kule Singida, karibu hekta 40,000 na vijiji 5, ulifuata njia hiyo hiyo. SULEDO ya Kiteto, yaani Sunya, Lengatei na Dongo, ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa 2002. Sera ya misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zilikuja kuandika kile ambacho Babati na Singida walishakianza.

Sasa somo la vitendo. Sheria ya 2002 ina milango miwili, msiichanganye. Usimamizi wa Pamoja ni kwa msitu ambao ni wa serikali: kijiji kinasaidia kulinda na mgawo wa mapato unajadiliwa. Hifadhi ya Msitu ya Kijiji ni msitu ulio ndani ya ardhi ya kijiji: kijiji ni mmiliki na msimamizi, na mapato ni yake. Kosa linalouma ni kijiji kusaini karatasi ya usimamizi wa pamoja juu ya msitu ambao ni wake. Kinakuwa kimekiri kwa saini yake kwamba msitu si wake.

Kamati ya Maliasili inahitaji vitu vichache tu: mpaka uliofyekwa na kupakwa rangi, mpango wa usimamizi unaosema nini kinavunwa kitongoji kipi na kiasi gani, kitabu cha stakabadhi, na daftari la doria. Faini isiyo na stakabadhi ndiyo inayoua kamati. Fedha ikipita mkononi mara mbili bila karatasi, kijiji kinaanza kuwaona walinzi kuwa ndio wezi wapya.

#8 Bado_Najifunza

Wakuu, sasa hifadhi ya msitu ya kijiji au hati ya kikundi, ipi bora?

#9 Mchora_Ramani

Inategemea nani anaweza kumshinda nani kwa kura, mkuu. Kama kijiji chote kinautumia msitu na kinaelewana, hifadhi ya msitu ya kijiji inatosha. Kama wanaoitegemea ardhi ile ni wachache ndani ya kijiji cha wengi, hati ya kikundi ndiyo ngao, kwa sababu mkutano mkuu unaweza kupiga kura kuigeuza kuwa mashamba.

Wahadzabe wa Yaeda, Mbulu, waliipata hati ya kimila ya pamoja 2011 kwa mantiki hiyo. Wawindaji na waokota matunda hawana jembe la kuonyesha kama ushahidi wa kutumia ardhi, na hawana idadi ya kura. Hati iliandika matumizi yao kuwa matumizi. Kazi hiyo ya hati za pamoja kaskazini mwa nchi ndiyo iliyompa Edward Loure wa shirika la UCRT (Ujamaa Community Resource Team) Tuzo ya Goldman ya mazingira 2016. Waakie wa Kiteto na Wasandawe wa Chemba wanafaa kuitazama njia hii kwa makini.

#10 BintiKolo

Shikamooni wazee. Naomba mzungumzie pia misitu na mapango ya matambiko. Huko kwetu Kondoa, michoro ya miambani iliingia Urithi wa Dunia 2006, na Mungomi wa Kolo si makumbusho tu, bado watu wanapanda kuomba mvua na kuponya. Mpango wa uhifadhi usioandika tambiko unamgeuza mwenye tambiko kuwa mvamizi.

Pombe inayomwagwa ukutani inaharibu rangi, hilo ni kweli. Lakini kupiga marufuku kunawapeleka watu usiku, bila mtu wa kuwaelekeza. Makubaliano mazuri yanawataja watunza tambiko kwa nafasi zao, yanasema siku zao haziuzwi tiketi, yanaonyesha jiwe la kumwagia lililo mbali na michoro, na yanawapa sauti kwenye mafunzo ya waongozaji. Kuni za tambiko zitoke wapi na mnyama achinjwe wapi, yaandikwe. Mzee akiulizwa mapema atalionyesha jiwe hilo mwenyewe.

#11 Masjala

Marahaba binti, umesema jambo zito. Utemi ulifutwa kisheria 1963, kwa hiyo mzee wa mvua hana cheo kwenye sheria ya serikali za mitaa. Ila sheria ya 1999 inazitambua mila, na sheria ndogo inaweza kusema kamati "itapata ushauri wa wazee wa mila kabla ya kufungua eneo". Neno "itapata" liwe la lazima, msiandike "inaweza kupata". Wazee wasiingizwe kamati ya fedha. Wakae pembeni kama washauri, ili fedha ikipotea heshima yao isipotee nayo.

#12 Hewa_Ukaa

Nimalizie upande wa hewa ukaa kwa kuwa ndiyo rasimu zinazozunguka sasa. Kanuni za biashara ya kaboni zipo tangu 2022, na miradi inasajiliwa kupitia Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Mradi wa Yaeda ulioendeshwa na Carbon Tanzania chini ya Plan Vivo, kiwango cha kimataifa cha miradi ya kaboni, haukumfukuza Mhadzabe wala mfugaji. Kinachouzwa ni msitu kutofyekwa kwa mashamba mapya, huku kuwinda, kuokota na kulisha vikifuata mpango wa ardhi. Ulizeni hivyo hivyo: shughuli gani ya wenyeji inabaki, na iko kifungu cha ngapi?

Someni neno "mapato". Tuseme mauzo ni shilingi milioni 100 na mkataba unasema kijiji kinapata asilimia 60. Ikiwa ni ya mapato ghafi, kijiji kina milioni 60. Ikiwa ni ya yanayobaki baada ya gharama, na gharama ni milioni 45, kijiji kina milioni 33. Asilimia ni ile ile. Takeni ghafi, na kama haiwezekani, gharama ziwe na kikomo kilichoandikwa.

Mengine ya kukagua: sehemu ya krediti (vipimo vya hewa ukaa vinavyouzwa) huwekwa akiba ya tahadhari na haiuzwi, kwa hiyo msihesabu zote. Malipo huja baada ya uhakiki, mwaka wa kwanza unaweza kupita bila shilingi, basi posho za walinzi wa mwanzo zitoke wapi? Mkataba wa miaka 20 au 30 uwe na kipindi cha kuupitia upya kila miaka 5 na njia ya kutoka. Uwe kwa Kiswahili, na nakala ya Kiswahili itajwe kuwa ina nguvu sawa. Usomwe kwenye kila kitongoji kabla ya mkutano mkuu, wiki mbili angalau zipite katikati, wanasheria wa halmashauri waupitie. Mdau anayesema "saini leo, mfadhili anasubiri" aambiwe asubiri.

#13 MwanaChemba

Asanteni sana wakuu. La mwisho kwangu: mkutano mkuu wa kupitisha haya uitishwe mwezi gani ili watu wawepo?

#14 Nyasi_Kwanza

Mwishoni mwa Mei hadi Juni. Masika watu wako shambani, na ikifika Agosti vijana na mifugo wameshahama kufuata maji, mtapitisha mpango wa malisho bila wachungaji. Juni mavuno yanakuwa yanaingia, ng'ombe bado wako karibu wanakula mabua, na nyasi za fremu mmeshazipima. Tangazo litoke wiki tatu kabla, lisomwe pia mnadani na kwenye lambo, maana wafugaji wengi hawapiti kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.